Kosa la Kiwandani au Kipigo cha Nyundo?

Watu hunitumia picha za sarafu kuukuu na swali moja: hii ina kosa, nitapata milioni ngapi? Mimi huwarudishia swali. Kosa hilo limetokea lini?

Mkusanyaji hulipia kosa lililotokea kiwandani, sarafu ilipokuwa inagongwa. Yaliyoipata baadaye, kama kupindwa au kutobolewa ivaliwe shingoni, ni uharibifu tu.

Chukua senti kumi ya tundu ya enzi za Mwingereza. Kisahani cha shaba kilitobolewa kwanza, ndipo kikapigwa chapa. Mara chache kisahani kilipita bila kutobolewa, na sarafu za namna hiyo zina wanunuzi. Tatizo ni kwamba mafundi nao huziba matundu. Igeuzegeuze mwangani huku ukiitazama kwa lenzi: palipozibwa huacha mstari wa duara, au rangi ya katikati hukataa kufanana na ya pembeni. Tundu lililohama ni kosa halali, ila likihama kidogo tu usitarajie makubwa.

Heller za Tabora za 1916, sarafu ndogo za koloni la Wajerumani, ndizo zinazowachanganya wengi. Wajerumani, vita vikiwa vimewafungia njia ya baharini, walizigonga katika karakana ya reli, za heller 5 na heller 20. Chini ya mwaka utaona herufi T. Kazi ilikuwa ya haraka, kwa hiyo chapa iliyofifia au iliyokaa upande ni jambo la kawaida kwazo. Anayekuuzia moja kwa jina la "kosa adimu" anakubambikia. Wajuzi wa heller 20 hutazama kwingine: taji ni kubwa au dogo, ncha za herufi L zimejikunja au zimechongoka, madini yake ni shaba nyekundu au shaba ya njano. Mchanganyiko wa alama hizo ndio unaotenganisha bei. Inachosha macho, lakini mimi hapo ndipo napata raha yote.

Usiisugue. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno! Sarafu iliyong'arishwa mkusanyaji huitambua papo hapo, na bei hushuka.

Kuhusu bei, fuata kiasi kilicholipwa mnadani, achana na kile muuzaji anachotamani. Na "mnunuzi" akikutaka utume ada ya usajili kwanza ndipo akulipe mamilioni, mzuie kwenye simu yako.