Jibu: Nyumba ya kupangisha vyumba Birmingham, ombi limekataliwa

Habari mkuu. Umenyimwa kibali cha kugeuza nyumba ya familia iwe ya wapangaji watano, na unalalamika kwamba jirani yako anayo ya namna hiyo. Huenda huyo jirani ndiye tatizo! Soma kwanza sababu kwenye barua. Ikitajwa sera DM11 (kanuni ya halmashauri ya Birmingham, Uingereza, kuhusu nyumba za wapangaji wengi), pima mita 100 kuizunguka nyumba yako: za aina hiyo zisizidi asilimia 10 ya makazi yote, na usiibane nyumba ya familia katikati ya mbili za wapangaji. Hesabu kwa rejista ya leseni ya halmashauri, kisha pita mtaani, maana baadhi hazimo. Hesabu ikikubeba, kata rufaa ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya barua. Leseni ya kupangisha haikupi kibali hiki.