Kisoma skrini cha kulipia au cha bure kwa mwanafunzi asiyeona?

Ndugu wa Kasulu umeuliza kama binti yako, ambaye macho yake yanazidi kufifia, anunuliwe kisoma skrini cha kulipia (programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta) au simu itamtosha. Mimi ni mwalimu nisiyeona hapa Tabora, na nimetumia kompyuta kwa masikio tangu enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows.

Enzi hizo skrini ilikuwa na mistari 25 yenye nafasi 80 za herufi kila mmoja, na kila herufi ilikaa katika kumbukumbu ya kompyuta kama herufi. JAWS, programu ya mwaka 1989 ya Ted Henter, aliyepofuka kwa ajali ya gari, ilikuwa na kazi ya kuzichota na kuzipeleka kwenye kifaa cha sauti. Windows ilipokuja, maandishi yakawa michoro, na visoma skrini vikalazimika kunasa amri za uchoraji ili vijue kilichoandikwa. Vilifanikiwa, ila kwa bei ambayo mwalimu wa Tanzania hakuiweza.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2006, Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alipoanza kutengeneza NVDA, programu ya kusoma skrini ya Windows ambayo hadi leo ni bure. Mwekee hiyo, kwenye kompyuta ya mtumba ikibidi. Ina sauti ya Kiswahili ya eSpeak, programu ya kutamka maandishi, kavu kama bati, lakini mimi sitaki nyingine: zamani majina ya wanafunzi niliyapitia herufi kwa herufi kwa mshale wa kulia, maana sauti ya Kiingereza iliyavuruga yasitambulike.

Simu yenye TalkBack, kisoma skrini cha Android, inafaa kwa ujumbe na habari. Insha ndefu inahitaji kibodi. Aanze sasa, angali anaona kidogo, kwa kupapasa vinundu vya F na J, kisha ajue kwamba, kwenye NVDA, vitufe vya Insert na mshale wa chini vikibonyezwa pamoja husoma mfululizo, na Control hunyamazisha. Ajifunze pia nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, kwani tahajia na hesabu hazishikiki vizuri kwa kusikiliza peke yake.

Kikwazo kitakachobaki ni notisi zilizopigwa picha, ambazo kisoma skrini hakiwezi kuzisoma moja kwa moja. Kuzigeuza ziwe maandishi, kazi ambayo Ray Kurzweil aliiundia mashine nzima mwaka 1976, sasa hufanywa na simu, japo mwandiko wa mkono huishinda mara nyingi. Waombe walimu wake wamtumie faili lenyewe lililochapwa.