Anayejua kilichomo kwenye glasi ndiye wa kujibu

Swali la wiki hii linauliza: mtu akidhurika kwa kokteli ya hatari, ajilaumu mwenyewe au baa ndiyo ibebe lawama? Jibu la haraka nalijua. Mtu mzima kaagiza kwa hiari yake, kalipa, kanywa, hakuna aliyemshika mdomo. Jibu hilo silikubali, na sababu yangu inatokana na kazi ninayoifanya.

Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani nawapandisha kwa mbegu zilizohifadhiwa. Mbegu za madume tunazihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika, kitu kile kile kinachotoa moshi mweupe kwenye glasi za baadhi ya baa. Baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukifungua mtungi, moshi unamwagika nje na kutambaa chini hadi miguuni. Ukichovya koleo la kutolea mirija yenye mbegu, kimiminika kinatokota kwa kishindo, maana kwake chuma kilichokaa mezani tu ni moto mkali. Kabla ya kuruhusiwa kuushika mtungi huo nilifundishwa kuvaa glavu maalumu na kinga ya uso, kufanya kazi penye hewa ya kutosha, na kutokaza kifuniko kamwe, kwa kuwa hewa inayozalishwa ndani lazima ipate pa kutokea.

Hilo la mwisho ndilo linaloua. Lita moja ya kimiminika hicho ikigeuka hewa inafikia karibu lita 700. Piga hesabu: kijiko kimoja kikubwa kinatoa takriban lita 10 za hewa. Tumbo la binadamu litaziweka wapi?

Mwaka 2012, mjini Lancaster, Uingereza, msichana aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 alipewa kokteli ya aina hiyo kwenye baa. Alieleza baadaye kwamba aliuliza kama inafaa kunywewa, akaambiwa ndiyo. Akanywa, moshi ukamtoka puani na mdomoni. Tumbo lake lilitoboka, na ili kumwokoa madaktari wakalazimika kuliondoa lote. Kampuni ya baa ilikiri kosa chini ya sheria ya usalama kazini, na mwaka 2015 ikatozwa faini ya pauni 100,000. Sasa huyo anayesema mnywaji awajibike, angetaka binti yule afanye nini zaidi ya kuuliza?

Kwangu mimi, lawama inamfuata mwenye kujua. Mteja anajua amekunywa glasi ngapi, na kwa hilo simtetei. Aliyekunywa bia moja baada ya nyingine kisha akashika usukani ana la kujibu, hata kama nchi kama Marekani, katika majimbo mengi, zinaruhusu pia kuishtaki baa iliyoendelea kumuuzia mtu aliyekwisha kulewa waziwazi. Lakini kokteli inaficha mambo. Long Island Iced Tea ina vodka, jini, ramu, tekila na likeri ya machungwa ndani ya glasi moja, na inateleza kooni kama chai baridi. Mnywaji anahesabu glasi, aliye kaunta anajua vipimo.

Kwa vinywaji vinavyowashwa moto nakiri mambo yanachanganyika kidogo, maana moto kila mtu anauona. Hata hivyo, mhudumu anapomiminia pombe kali juu ya glasi inayowaka, mwali unaweza kupanda hadi mdomo wa chupa, mvuke uliomo ukalipuka, na ulimi wa moto ukaruka mbele. Anayeungua mara nyingine ni mtu wa meza ya jirani ambaye hakuagiza chochote. Yeye naye atajilaumu kwa lipi?

Na zile karatasi za kutia sahihi kwamba unakunywa kwa hatari yako mwenyewe zinanikera sana. Mtu anapewa kalamu akiwa ameshakunywa, na aliyemlewesha ndiye anayeipokea sahihi yake. Isitoshe, anasaini kuikubali hatari ambayo hajaelezwa.

Moshi huo unauzwa ghali kwa sababu unavutia watu, na faida inaingia baa. Kwa hiyo gharama ya usalama iingie huko huko. Naitrojeni itumike kupoza glasi au kugandisha, kisha kinywaji kikae kaunta mpaka kimiminika chote kiishe, hakuna kinachotokota wala moshi unaofuka, ndipo kikabidhiwe. Ni dakika chache tu za kusubiri. Baa inayoona muda huo unaharibu maonyesho yake iache kukiuza. Na mteja akiuliza kama kinafaa kunywewa, ajibiwe na aliyekichanganya, si na aliyebeba sinia.