Mtaalamu wa Lishe Asiyeuliza Unatumia Dawa Gani

SWALI: Mume wangu ana miaka 54, ni mlinzi wa usiku, na mwaka wa nne sasa anaishi na kisukari cha aina ya pili. Hospitalini amepewa metformin na glibenclamide. Hivi karibuni amekutana na mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe jumuishi, ambaye amemwandikia siku saba za kunywa maji ya matunda na mboga tu ili kuondoa sumu mwilini, pamoja na unga wa majani anaouuza yeye mwenyewe. Amemhakikishia kwamba baada ya hapo hatahitaji vidonge tena. Je, lishe jumuishi ni jambo la kweli? Nimzuie mume wangu?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, naanza na lisiloweza kusubiri. Mumeo asianze mpango huo wakati anatumia glibenclamide, wala asiache dawa yoyote kabla ya kuonana na daktari anayemhudumia. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, hata kama mtu hajala. Anayeimeza huku amejinyima chakula ghafla anaweza kushukiwa na sukari, na kwa mlinzi aliye peke yake langoni saa tisa usiku hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna wa kumwona akianza kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au dalili hizo zikitokea na hana kipimo, anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, akimbizwe hospitali.

Maji ya embe au nanasi nayo, yakishachujwa, huacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kubaki na sukari yake, kwa hiyo mtu huyo huyo anaweza kupandwa na sukari mchana na kushukiwa usiku. Habari ya kuondoa sumu isimbabaishe, maana kazi hiyo ini na figo huifanya kila siku, na hakuna unga unaoifanya badala ya viungo hivyo.

Sasa nijibu swali lako lenyewe. Ndiyo, lishe jumuishi ina msingi, na mimi nauheshimu. Maana yake ni kuangalia chakula pamoja na maisha ya anayekila: usingizi wake, kazi yake, mawazo aliyonayo, kipato cha nyumba, nani anapika na chungu kinapakuliwa saa ngapi. Mumeo halali usiku, na usingizi wa mchana, wenye joto na kelele za watoto, mara nyingi huwa wa vipande vipande. Usingizi haba huufanya mwili uitikie insulini kwa udhaifu na huongeza njaa. Kama anakula ugali mwingi saa nne usiku, kisha anajizuia kusinzia kwa vikombe vya chai ya sukari hadi alfajiri, basi kumpa karatasi inayosema apunguze wanga, bila kuugusa usiku wake, ni kumwachia mzigo asioweza kuubeba. Hapo ndipo mtaalamu anayemtazama mtu kwa ukamilifu wake anapokuwa na faida kubwa.

Lakini mtaalamu wa namna hiyo hutambulika kwa maswali yake. Kikao cha kwanza huwa kirefu. Atataka kujua mumeo alikula nini jana tangu alipoamka, anatumia dawa zipi na kwa saa zipi, na mitishamba gani. Uwatu, kwa mfano, unaotumika sana pwani, nao huweza kushusha sukari na kuongeza nguvu ya dawa. Ataomba majibu ya kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu. Atauliza kama miguu ina ganzi, kwa sababu metformin ikitumika kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, na ganzi ya upungufu huo ikadhaniwa kuwa ya kisukari peke yake. Aliyeandika siku saba za maji ya matunda bila kuuliza habari za glibenclamide hakumtazama mumeo kwa ujumla wake, hata kama anatumia maneno hayo. Na anayepima tatizo na kuuza dawa yake kwa mkono huo huo anastahili kuulizwa maswali makali zaidi.

Tumaini la mumeo la kuachana na vidonge nisingependa lizimwe. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba asilimia 46 ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, hawatumii dawa na sukari yao imetoka kwenye kiwango cha kisukari. Walikuwa watu wenye uzito uliozidi, waliogunduliwa ugonjwa ndani ya miaka sita. Dawa zilisimamishwa na wahudumu wa afya, na chakula chao kilipimwa na kufuatiliwa kwa miezi mingi. Mumeo amuulize daktari wake kama njia ya namna hiyo inamfaa.

Kwa sasa, nusu ya sahani yake iwe mboga kama mchicha, matembele au mnafu, robo iwe maharage, choroko au samaki, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, ukiwa wa dona ikiwezekana. Chai ya lindoni iwe bila sukari. Mlo mkubwa usogezwe kabla ya kwenda kazini, lakini saa za dawa zipangwe upya na daktari ili ziendane nao.

Ukitafuta mtaalamu, anza na afisa lishe wa halmashauri au wa hospitali ya rufaa ya mkoa. Anayetibu kwa mitishamba anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002, na kumwomba mtu cheti chake si kumkosea adabu.

SWALI: Mimi huchoka sana. Nimeshikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, nikaambiwa nina upungufu wa madini ya chuma na nikauziwa virutubisho. Niamini?
Msomaji wa kike, Mombasa

JIBU: Usiamini mpaka upime damu. Kijiti cha kushika mkononi hakiwezi kujua kiasi cha madini ya chuma mwilini mwako. Omba kipimo cha himoglobini, ambayo kwa mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu, na ikiwezekana kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma. Mweleze daktari pia kama hedhi yako ni nzito, maana chanzo mara nyingi huwa hapo. Mboga zako zikamulie ndimu, na chai usiinywe pamoja na chakula. Isubiri walau saa moja, kwa kuwa huzuia madini hayo kufyonzwa. Nchini Kenya wataalamu wa lishe husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2007, kwa hiyo aliyekuuzia virutubisho hivyo mwombe namba yake ya usajili kabla ya kumlipa tena.