Grupu la WhatsApp sio daftari la kuazimia vitabu

Wiki hii kuna msomaji wa Mwanza kaniandikia inbox, yeye na wenzake kazini wanataka waanze kuazimana vitabu, wapakue app gani? "Dada nipe jina tu." Mdogo wangu, majina ntakupa, ila nisikilize kwanza, maana hili jambo lilishanitoa machozi na sasa hivi grupu letu hapa Dar ndio linanipa kiburi.

Sisi tulianza kama wote wanavyoanza. Mtu anapiga picha vitabu vyake anatupia grupuni, wa kwanza kuandika "mimi hapo" kachukua. Raha tupu. Baada ya siku mbili zishapita salamu za asubuhi, michango ya harusi na klipu za mpira, nani kabeba nini hakuna anayejua, na mwenye kitabu anascroll mpaka bando linakata.

Kuna riwaya yangu moja ya Kiswahili, nakala ya miaka ya 70, nimeivalisha nailoni mwenyewe, ukurasa wa kwanza una jina la marehemu baba kwa peni ya bluu. Aliyeichukua kaniandikia "naleta wikiendi dada". Wikiendi ikaja ikapita, akahamia Dodoma, nikimtext naona tiki za bluu halafu kimya, mwisho akaleft. Status zake naziona mpaka leo, anapost nukuu za vitabu! Na kilichoniuma zaidi sio yeye, ni wale waliobaki wakaniuliza una ushahidi gani kama anacho, eti kwa sababu tulikabidhiana nje ya grupu.

Haya, app. Libib unaskani bakodi kwa kamera ya simu, jina na jalada vinakuja vyenyewe, kuorodhesha ni bure ila sehemu ya kuazimisha watu ni ya kulipia. LibraryThing ipo toka 2005 na siku hizi haina malipo, na wana ndugu yake anaitwa TinyCat ambaye ni wa maktaba ndogo ndogo, huyo anajua mpaka nani kachukua na arudishe lini. Ni nzuri, sikatai. Ila jaribu kuskani vitabu vyetu uone. Riwaya ya mtumba kutoka Uingereza inakuja sekunde hiyo hiyo, kitabu cha Kiswahili cha zamani hakina bakodi kabisa, kina ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) ya tarakimu 10 tu imeandikwa kwa ndani, inaanza na 9976 kama kimetoka Tanzania, ukiingiza hiyo namba mara nyingi unaambiwa hakuna kitu. Unaishia kuandika kila kitu kwa mkono. Sasa kama unaandika kwa mkono, si bora uandike sehemu ambayo kila mtu anaijua?

Ndio maana sisi tupo Google. Fomu fupi ya Google Forms: jina lako, namba ya kitabu (tunaiandika kwa penseli ndani ya jalada), umechukua au umerudisha. Majibu yanaingia yenyewe kwenye Google Sheets na tarehe yake, grupu zima linaona, anayeweza kubadilisha ni admin tu. Usiwaachie watu wote waandike moja kwa moja kwenye jedwali, mtu atafuta mstari wake halafu akukazie macho. Na usiweke sehemu ya kupandisha picha kwenye fomu, maana hapo Google inamlazimisha mtu aingie na akaunti yake, na nusu ya watu password wameshasahau. Picha tunatuma grupuni, kitabu kikiwa mkononi mwa anayekipokea, uso uonekane na jalada lionekane. Wapo walionuna. Wanune, vitabu vinarudi.

Maana shida yetu jamani haijawahi kuwa app. Mtu anakopa elfu kumi analala macho, kitabu cha elfu thelathini anakiona kama zawadi, na ukimkumbusha wewe ndio mbaya, una roho ndogo. Anayechukua ndiye ajaze fomu, sio mwenye kitabu! Narudia, anayechukua ndiye ajaze, na ajaze kabla kitabu hakijatoka mkononi mwako, tena kikipanda boda kwenda Mbagala usimwambie dereva aondoke mpaka umeona jina kwenye jedwali. Nauli juu ya anayetaka kusoma.

Kwa hiyo wewe wa Mwanza, mko ofisi moja, mambo ya boda hayawahusu. Tengeneza fomu leo, link yake iweke kwenye maelezo ya grupu isizame na meseji, TinyCat mtaifikiria vitabu vikishakuwa vingi. Na kile cha kurithi, kama unacho, kisitoke nyumbani.