Jibu: Komanda anawaita Jumatatu "mpatane"? Munganga kwanza

Mama, msiende. Nimesoma majibu yote hapo juu: hawa wanakwambia uende "usikilize tu wanasema nini", wale wanataka mtaa wote utembee mpaka meri (ofisi ya meya), na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mpwa wako ameonwa na munganga, yaani daktari. Umeandika kwamba kijana alipigwa na polisi kwa matraki (fimbo yao) jana Ijumaa jioni kwenye kizuizi kwa sababu alikataa kutoa makuta (pesa), pikipiki ikabaki, akaachiwa usiku, na komanda wao ametuma mtu kusema Jumatatu mje mpatane, watatoa makuta ya dawa. Leo ni Jumamosi. Mna leo na kesho, na naona mmepanga kuzitumia kungoja.

Komanda anajua kitu ambacho ninyi bado. Alama ya kipigo ina maisha mafupi. Siku za kwanza ni nyekundu, kisha buluu au zambarau, baada ya wiki hivi inageuka kijani na manjano, na kwa kawaida wiki ya pili ikiisha ngozi imesafika. Kwa hiyo mchezo wa "njooni Jumatatu" unachezwa hivi: Jumatatu komanda yuko kwenye mkutano. Mrudi Jumatano. Jumatano aliyepiga hayupo, amebadilishwa zamu. Ijumaa wanatoa nusu ya makuta, nusu ingine wiki ijayo. Hakuna aliyewatukana, wote wamewapa kiti, na wakati huo mwili wa kijana unafuta ushahidi wenyewe. Mkija kukasirika na kwenda hopitali, munganga ataandika anachokiona, yaani kijana mzima mwenye malalamiko.

Kwa nini karatasi ya munganga inazidi kelele zote? Angalia Sheria ya Adhabu ya Kongo yetu. Kupiga na kujeruhi kwa makusudi, kifungu cha 46, ni siku 8 mpaka miezi 6. Kipigo kikileta ugonjwa au kutoweza kufanya kazi, unaingia kifungu cha 47: miaka 2 mpaka 5. Mtu akikufa bila aliyepiga kukusudia kumuua, cha 48: miaka 5 mpaka 20. Tofauti ya miezi 6 na miaka 5 inakaa kwenye mstari mmoja ambao munganga wengi hawauandiki wasipoombwa: siku za kutoweza kufanya kazi. Akiandika tu "nimeona majeraha, nimetoa dawa ya maumivu", amekuwekea kesi kwenye cha 46. Na kosa ambalo adhabu yake haivuki mwaka mmoja linakufa baada ya mwaka mmoja. Wanaokuambia "ngojeni kwanza, mambo yapoe" wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Kuna pia sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mateso, iliyoongeza kifungu cha 48 bis. Mtumishi wa serikali akimtia mtu maumivu makali kwa makusudi ili akiri, aadhibiwe au atishwe, ni miaka 5 mpaka 10. Ndiyo maana mnaandika maneno aliyosema polisi huku akipiga. "Leo utajifunza kulipa" ina uzito kuliko kurasa tano za "wananyanyasa raia". Andikeni leo, kijana angali anakumbuka, kwa maneno yenyewe, Kiswahili au Lingala kama yalivyotoka.

Sasa karatasi ya kupatana, maana hapo ndipo watu wanazikwa wakiwa hai. Mara nyingi ina mambo matatu. La kwanza, kwamba "kulitokea msukumano" na kijana akaanguka: ukisaini hapo umejipinga mwenyewe, na avoka (wakili) wa upande ule atasoma sentensi hiyo tu mbele ya jaji. La pili, kwamba mmepokea "msaada": msaada si fidia, hakuna aliyekiri kitu. La tatu, kwamba mnaacha kudai chochote popote. Watawaambia mkisaini kesi imekufa kabisa. Si kweli: kwa kosa la kupiga, kuondoa mashitaka kwa mwathirika hakumfungi mikono mwendesha mashitaka. Lakini haki yenu ya fidia mtakuwa mmeitoa kwa bei ya vidonge, na faili ambalo mwenyewe hamlisukumi, nani atalisukuma? Panya wa kabati?

Tena kumbukeni mnapatania wapi. Ndani ya komisaria (kituo cha polisi) ileile, mbele ya OPJ, polisi mpelelezi anayekula na aliyempiga. Kijana akiongea vibaya kidogo, ataandikiwa PV (karatasi ya maelezo) ya rebelioni, yaani kumpinga askari, au ya kumtukana, na Jumatatu jioni ndiye atakuwa mshitakiwa. PV yoyote anasomewa kwa lugha anayoielewa kabla ya kusaini, na ana haki ya kukataa kusaini. Wakimfunga kwenye kasho (selo), kifungu cha 18 cha Katiba kinasema: aambiwe sababu mara moja, aruhusiwe kuita familia au avoka, na saa 48 zikiisha aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria.

Na hao wapatanishi wa kwenye bansi (benchi) mbele ya komisaria! Wale wenye "kujua watu". Wanajua watu kweli, wanajua ni nani atawakatia sehemu yao. Watakuita mama, watakushika mkono, watakuapia kwa Mungu kwamba mahakama ni ya matajiri, na jioni watamalizia bia ya Simba baridi kwa makuta ya dawa za mtoto wako. Nawachukia kuliko aliyeshika matraki. Yule angalau hakujifanya ndugu. (Haya, sasa mtasema nina hasira. Nina.)

Hopitali basi, leo hii, ya serikali ikiwezekana. Msingoje rekizisio (barua rasmi ya kumwagiza munganga); ile ataitoa OPJ au mwendesha mashitaka baadaye, kwa ripoti kamili. Leo mnataka kuonwa na kuandikwa kwenye rejista. Mwambieni munganga waziwazi: "amepigwa na polisi, tunahitaji sertifika", yaani cheti cha munganga. Sertifika iwe na saa ya kuonwa, kila jeraha mahali pake, urefu kwa sentimita, rangi, siku za kutoweza kazi, jina la munganga, saini na muhuri. Fimbo ya mviringo mara nyingi huacha mistari miwili sambamba yenye weupe katikati. Aiandike hivyohivyo, maana kuanguka kutoka pikipiki hakuchori mistari miwili. Aangalie mikono kwenye viwiko na kigasha: mtu akijikinga kichwa, mfupa wa kigasha upande wa kidole kidogo ndio unaopokea, na unaweza kupasuka bila mkono kupinda. Apigwe radio (picha ya mifupa) ya mbele na ya upande. Kama alipigwa makofi, ndani ya masikio pia, ngoma ya sikio inapasuka kimya.

Picha pigeni wenyewe mchana, bila flashi: moja ya mwili na uso, moja ya karibu kidogo, moja ya karibu sana na rula pembeni. Rudieni siku ya tatu na ya tano, sababu jeraha la ndani hutokeza juu polepole. Shati lenye damu lisifuliwe. Likaushwe kivulini, liwekwe kwenye mfuko wa karatasi, plastiki hulioza.

Kisha mashitaka. Usipeleke komisaria, na wala usipoteze wiki ku parke (kwa mwendesha mashitaka wa raia). Kifungu cha 156 cha Katiba kinawapeleka askari na polisi mbele ya mahakama za kijeshi, kwa hiyo mlango wenu ni auditora ya kijeshi ya garnizoni, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka wa jeshi. Aliye chini ya cheo cha meja atahukumiwa na mahakama ya garnizoni. Kuanzia meja ni mahakama ya juu yake. Kwamba raia aliyepigwa na mtu wa uniforme aende kumshitaki kwa watu wa uniforme ni aibu, lakini ndiyo njia iliyopo. Hamjui jina? Andikeni dhidi ya asiyejulikana, lakini mtaje kikosi, avenue, komuni, saa, namba ya jipu, umbo la mtu. Auditora inaweza kuomba daftari la zamu. Nakala mbili: moja wanabaki nayo, nyingine inarudi na muhuri wa kupokea. Baada ya siku chache rudini kuuliza namba ya RMP, namba ya faili kwenye rejista ya mwendesha mashitaka. Bila RMP hakuna faili, kuna karatasi tu mezani kwa mtu. Na mashitaka bila sertifika ni bukari (ugali) bila mboga.

Avoka: Baro (chama cha maavoka) ya Haut-Katanga ina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Nakala nyingine pelekeni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ile ya sheria ya 2013. Haifungi mtu, lakini inaandika barua, na barua husumbua usingizi.

Video ya jirani: mwombeni faili lenyewe kwa kebo au kadi. Ikipitia WhatsApp inabanwa na kupoteza tarehe yake. Isikatwe hata sekunde, na simu iliyorekodi isiuzwe. Kabla ya kuitupa mitandaoni, mfichieni jirani sauti na dirisha lake, ataishi hapo mkishasahau.

Ninyi wa maandamano, hapa Lubumbashi kutoka Katuba mpaka Ruashi watu wamechoka na hasira hiyo ni ya haki. Kifungu cha 26 cha Katiba kinataka taarifa ya maandishi kwa mamlaka, hakisemi ruhusa. Lakini msimbebe kijana mbele ya umati kabla hajapigwa radio.

Pikipiki, najua, sijaigusa. Wanaojua mambo ya furiere (yadi ya vyombo vilivyokamatwa) watajibu. Mimi, mama, unijibu kitu kimoja: mkojo wa kijana leo asubuhi ulikuwa rangi gani? Kama ni kahawia kama chai kali au Coca, misuli iliyopondwa inachafua figo. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni, msimalizie kusoma uzi huu, pandeni taksi.