Kuwika, neno linaloponza waandishi wapya

Mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la michezo nilimwandika kiungo mmoja kuwa "aliyewahi kuwika ligi kuu". Asubuhi simu ikaita. "Kaka, kwani mimi nimestaafu lini?" Mkataba wake ulikuwa haujaisha. Nilidhani nampamba, kumbe nimemzika.

Ninyi mnaoanza mtalitumia neno hili kila wiki, basi mlijue. Jogoo huwika, kisha hunyamaza, na kuwika kwa binadamu nako kuna wakati wake. "Anawika" ni sifa ya leo. "Aliwika" ni historia, wala si vibaya: mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe aliwika na Morogoro Jazz, baadaye na Super Volcano, hadi alipofariki mwaka 1979. Lakini ukishachomeka "aliyewahi", msomaji anaelewa kwamba habari ya mtu huyo imekwisha. Kama bado yuko kazini, lifute.

Tena pawe na kazi iliyoonekana. Filbert Bayi aliwika Christchurch mwaka 1974 alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuweka rekodi ya dunia. Aliyejulikana kwa kashfa hajawika. Jina lake limevuma. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na kuvuma hakuchagui jema wala baya. Kutamba nako kuna majigambo ndani yake, kwa hiyo mshindi mpole msimwandikie hivyo.

Kuna atakayewabishia kwamba mwanamke hawiki, eti kuku jike hutetea. Anawika. Mwandikeni mwimbaji kwamba "alitetea jukwaani" muone kama watu hawatauliza kesi ilikuwa ya nani.

Halafu ile methali, jogoo la shamba haliwiki mjini. (Wapo wanaosema "wa shamba hawiki", mimi naiacha na "la" lake, ndivyo nilivyoikuta.) Kijana mmoja aliwahi kuniletea habari ya msanii kutoka kijijini, akaipachika methali hiyo juu kabisa kama pongezi. Ni kejeli ile! Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alitoka Fumba, kijiji cha Unguja, akaingia mjini, na mwaka 1928 akaenda kurekodi santuri Bombay. Kwa mtu wa namna hiyo methali itajwe ili ikanushwe, tena katika sentensi hiyohiyo.